Viza ya mwenzi: nani atangulie, nani abaki?

Leo tunaacha kidogo mambo ya wivu na mawifi, tunaingia kwenye jambo linalowaumiza vichwa vijana wengi waliopata wenzi kutoka nchi nyingine: viza ya mwenzi. Siyo ile ya kwenda kutembea wiki mbili ukarudi na picha za theluji. Naongelea viza ya kuhama, ya kwenda kuishi na mume wako au mke wako nchini kwake.

Utasema, "Sasa hayo si mambo ya wanasheria?" Ni yao, na ukifika mahali penye utata muone mwanasheria. Lakini mimi nayaleta hapa kwa sababu viza hii inaijaribu ndoa kabla haijajaribu makaratasi. Inawauliza wanandoa swali ambalo wengi hawajawahi kukaa chini wakaulizana: nani atangulie, nani abaki, na mpaka lini?

Ndoa mbili za Kipatimu

Tupate mfano. Kwa wasiopajua, Kipatimu iko wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, juu kwenye vilima vya Umatumbi. Ukitoka Dar kwa barabara ya kusini unapita Somanga, ukifika Njia Nne unaiacha barabara kuu, unakunja kulia kuelekea milimani. Ni nchi ya machungwa. Na ni hapo hapo Umatumbi, kijijini Nandete, Julai 1905, wananchi walipong'oa pamba ya Wajerumani na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kwa hiyo hawa si watu wa kukubali kila wanaloambiwa na ofisi ya mbali!

Sasa chukulia kuna ndoa mbili pale. Ya kwanza ni ya mwalimu, binti wa Kipatimu, aliyeolewa na kijana wa Kiingereza aliyekuja kufanya kazi Kilwa. Wanaishi pamoja mwaka wa nne huu. Wana mtoto. Baba mkwe anamwita "mwanangu", na majirani wameshazoea kumwona amebeba ndoo ya maji. Wameamua sasa wakaishi Uingereza.

Ya pili ni ya kijana wa hapo hapo Umatumbi aliyekwenda Uingereza siku nyingi, akapata uraia wa huko. Alikuja likizo, akatuma mshenga, posa ikakubaliwa, mahari ikatoka, ndoa ikafungwa. Wiki ya tatu bwana harusi kapanda ndege, bibi harusi kabaki kwa mama yake.

Nikikuuliza ipi ndiyo ndoa yenye mizizi, wengi mtanijibu ni ile ya kwanza. Wale wanalala nyumba moja, wanalea pamoja. Lakini nikikuuliza ipi ina nafasi nzuri zaidi ya kupata viza haraka, mara nyingi ni ya pili. Usishangae. Nitakueleza.

Hesabu yenyewe

Tangu Julai 2012, Uingereza inamtaka raia wake au mkazi wa kudumu anayetaka kumleta mwenzi aoneshe kipato cha chini kilichowekwa. Kilianza pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa mpaka pauni 29,000, kabla ya kodi. Kwa haraka haraka hiyo ni kama shilingi milioni 100 za kwetu. Mpango wa awali ulikuwa kipande tena mpaka 38,700, lakini serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 ikausimamisha.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Kinachoangaliwa ni kipato cha mdhamini, yaani yule mwenye uraia. Mshahara wa mwalimu wa Kipatimu, hata angekuwa mwalimu mkuu, hauhesabiwi akiwa bado yuko huku. Shamba la michungwa la baba halihesabiwi. Ahadi ya shemeji kwamba "mkifika mtakaa kwangu, msijali" kwa kawaida haihesabiwi kama kipato.

Yule wa ndoa ya pili, mwenye kazi yake kule, anaonesha hati za mshahara na taarifa za benki za miezi 6 zinazolingana, mwajiri yule yule, na kiasi kinafika. Kwa upande wa pesa amemaliza.

Lakini yule anayeishi na mke wake Kilwa ana mzigo mara mbili. Anatakiwa aoneshe kwamba huku aliko anapata kipato cha kiwango hicho, na pia kwamba kule anakokwenda ana kazi iliyothibitishwa, yenye mshahara unaofika 29,000, itakayoanza ndani ya miezi 3 tangu arudi. Niambieni, ni wangapi wanaofanya kazi Kilwa wakalipwa milioni 8 kwa mwezi? Njia nyingine ni akiba benki. Asiye na kipato kabisa anatakiwa awe na pauni 88,500 zilizokaa mikononi mwao kwa miezi 6. Pensheni nayo inahesabika, lakini kijana wa miaka 32 atatoa wapi pensheni?

Hapo ndipo mambo mawili yanapovutana. Ofisi inataka uthibitisho kwamba ndoa ni ya kweli na bado ipo hai, na uthibitisho mzuri wa hilo ni kuishi pamoja. Ofisi hiyo hiyo inataka pesa ambayo kwa wengi hupatikana kwa kuishi mbali. Aliye karibu na mke yuko mbali na pesa, na aliye karibu na pesa yuko mbali na mke.

Njia tatu, na bei ya kila moja

Njia ya kwanza ni mwenye uraia kutangulia. Anakwenda, anatafuta kazi, anafanya miezi 6, ndipo wanapeleka maombi na kuanza kusubiri majibu. Hesabu mwenyewe: kutafuta kazi, miezi 6 ya mshahara, kusubiri. Ni rahisi mwaka mzima kukatika. Wengi ndiyo njia wanayoishia kuifuata, hata kama hawakuipanga.

Njia ya pili ni kusubiri hapa pamoja mpaka akiba itimie au kazi ya kule ipatikane ukiwa huku. Bei yake ni muda. Watoto wanakua, na kanuni nazo zinaweza kubadilika ukiwa bado unahesabu.

Njia ya tatu watu hawaitaji: kubaki. Kuishi hapa hapa kama familia na kuacha habari ya kuhama kwa sasa. Siyo kushindwa hiyo. Ila nayo ina karatasi zake. Mgeni aliyeoa Mtanzania bado anahitaji kibali cha kukaa kutoka Idara ya Uhamiaji. Na sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, lakini mwanaume wa kigeni aliyeoa Mtanzania haipati njia hiyo. Kwa hiyo dada zangu mnaotaka kubaki na waume zenu wa nje, lijueni hilo mapema.

Sasa rafiki yangu, hakuna njia ya bure hapo. Na hilo ndilo ninalotaka wewe na mwenzi wako mlikubali kabla hamjafungua fomu yoyote. Kosa la wengi ni kwamba hawachagui, wanajikuta tu. Mume anasema "ngoja nikaangalie kazi mara moja," anapanda ndege, na mara moja inakuwa miezi 14. Mke anabaki na mtoto, hajui kama ameachwa au anasubiri. Kuna tofauti kubwa sana kati ya kusubiri mliyopanga na kusubiri kuliyokukuta.

Kabla mmoja hajapanda ndege

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo kaeni chini, zimeni simu, mkubaliane mambo manne.

Kwanza, tarehe. Siyo tarehe ya viza, maana hiyo hamuishiki ninyi. Ni tarehe ya kuulizana upya. "Ikifika Desemba na kipato hakijafika, wewe unarudi, au tunabadilisha mpango." Mtu anaweza kuvumilia mengi akijua mwisho wa kuvumilia uko wapi.

Pili, pesa. Aliyetangulia ana kodi ya nyumba, nauli na baridi ya kulipia, na bado anatakiwa aweke akiba. Aliyebaki ana mtoto na nyumba, na macho ya mtaa yote yanamtazama yeye kwa sababu "mume yuko Ulaya". Semeni wazi kitatumwa kiasi gani na kwa ajili ya nini. Mwaka 2025 ada ya maombi pekee kwa aliye nje ilikuwa pauni 1,938, na juu yake kuna ada ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa viza ya miezi 33 mnahesabiwa miaka 3, yaani pauni 3,105. Jumla ni pauni 5,043 kabla hujanunua tiketi. Sasa kama kila mwezi shangazi naye anaezekewa nyumba kutoka kwenye mfuko huo huo, hiyo siku haifiki.

Tatu, wakwe. Huku kwetu binti aliyeolewa akarudi kukaa kwa mama yake, maswali hayachelewi. "Mumeo yuko wapi? Mbona haji? Kwani kuna nini?" Usimwachie mwanamke peke yake kazi ya kujibu. Mume mwenyewe, kabla hajaondoka, aende kwa wazee na mshenga, akae mkekani, awaeleze: nakwenda kwa sababu hii, kwa muda huu, na mke wangu nimewaachia ninyi. Wazee wakishaelezwa, wao ndio wanaozima maneno ya kisimani. Wasipoelezwa, wao ndio wanaoyaanzisha.

Nne, kutembeleana. Nauli inauma, najua. Lakini safari moja katikati ya mwaka ni dawa ya ndoa, na kwa bahati nzuri ni ushahidi pia. Mhuri kwenye pasipoti unasema mengi kuliko kurasa 300 za "nakupenda beib".

Mali bila daftari

Tukija kwenye makaratasi, Kipatimu ndoa inaishi kwa watu. Ukitaka kujua kama fulani ameoa, unamuuliza mshenga, kungwi, padri wa parokia au shehe aliyefungisha. Kijiji kizima kilikula pilau. Lakini afisa wa viza hakula pilau hiyo. Mali bila daftari huisha bila habari, na ndoa nayo mbele ya afisa ni hivyo hivyo.

Cheti cha ndoa ndicho mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za dini, za kimila na za kiserikali, lakini ndoa iliyofungwa bila msajili kuwepo inatakiwa iandikishwe, na sheria imetoa siku 30. Kama yako ilipita hivi hivi, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Kilwa Masoko, ukaulize namna ya kuisajili. Usingoje mpaka wiki ya maombi. Kama ni ndoa ya mitara, yaani ya wake wengi, semeni ukweli tangu mwanzo. Uingereza haimruhusu mke kuingia kwa njia ya mume ikiwa mke mwingine aliye hai alishaingia kule kama mke wa mume huyo huyo.

Halafu angalia majina. Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapopata shida. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Saidi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahamis Said, cheti cha ndoa kimeongeza jina la babu. Kwako ni mtu mmoja. Kwa afisa ni watu watatu. Yalinganishe mapema, RITA kwa vyeti, na palipobaki tofauti pata hati ya kiapo. Kila hati ya Kiswahili iwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Kuna pia mtihani wa Kiingereza cha kusikiliza na kuzungumza, ngazi ya A1, ambayo ni ya mwanzo kabisa. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kusamehewa akithibitishiwa shahada yake. Na kwa Mtanzania kuna kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, ambacho cheti chake kinadumu miezi 6. Usikifanye mapema mno kikakuchachia mkononi, wala usingoje siku ya mwisho. Anayetoka kusini anajua kwa nini. Mei 2024, wakati wa mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na watu wakalala njiani. Ratiba ya mtu wa Kipatimu inatakiwa iwe na siku za ziada.

Kuhusu ushahidi wa mapenzi, wale mnaoishi pamoja mko vizuri: mkataba wa nyumba, kadi ya kliniki ya mtoto yenye majina ya wazazi wote wawili, barua ya serikali ya kijiji. Mnaoishi mbali wekeni tiketi, mihuri, taarifa ya miamala ya simu inayoonesha mwezi kwa mwezi anatuma, na picha zenye watu, hasa wazazi. Msipeleke meseji zote. Chagueni chache za kila baada ya miezi kadhaa. Mambo ya chumbani yabaki chumbani, hakuna afisa anayeyahitaji.

Na mtoto je? Kama mzazi mmoja ni raia aliyezaliwa Uingereza, mara nyingi mtoto aliyezaliwa huku tayari ni raia wa kule. Anachohitaji ni pasipoti. Ulizeni kabla hamjamlipia viza.

Mkikataliwa, na wale wa Marekani

Barua ya kukataliwa siyo talaka. Aliye nje ya Uingereza akinyimwa viza ya mwenzi kwa kawaida ana siku 28 za kukata rufaa. Na pesa siyo neno la mwisho siku zote. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kiwango chenyewe ni halali, lakini ikaikosoa serikali kwa kutozingatia vya kutosha maslahi ya watoto na vyanzo vingine vya pesa. Kanuni zikarekebishwa mwaka huo huo, na sasa kwenye hali za kipekee msaada wa ndugu unaweza kuangaliwa. Miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, ripoti ya Kamishna wa Watoto wa England ilikadiria watoto mpaka 15,000 walioguswa na kanuni zile, ikaziita familia zao familia za Skype: baba au mama ni sura kwenye kioo cha kompyuta. Mkiwa na mtoto, ndiyo sababu ya kumwona mwanasheria mapema.

Kwa walioolewa na Wamarekani, mvutano ni ule ule kwa sura nyingine. Raia anayeishi nje na mwenzi wake anatakiwa aoneshe makazi yake yako Marekani au kwamba anarudi kuishi huko, na kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali yao. Lakini pia Desemba 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo viza zao za kuhamia zilisimamishwa kuanzia 1 Januari 2026. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, angalia hali ikoje siku hiyo kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Siyo kwa mtu wa kijiweni anayesema ana "njia yake". Huyo njia yake inaishia mfukoni mwako, na karatasi moja ya kughushi itakuandama kila utakapoomba tena.

Faili lisiwe ndiyo ndoa

Namalizia na hili. Mchakato huu ukichukua mwaka, unaweza kuamka siku moja ukagundua kwamba kila mkipigiana simu mnaongelea faili tu. Umetuma hati? Umelipia? Wamejibu? Mmekuwa makarani wawili wa ofisi moja. Wekeni siku ya kuongelea viza, tuseme Jumamosi jioni, na siku nyingine zote muulizane mambo ya watu: umekula nini, mtoto kasema nini leo, machungwa mwaka huu yametoka vipi.

Viza ikitoka, mtafika uwanja wa ndege mkiwa mmechoka, na pale anayemkuta mwenzake ni mtu, siyo faili. Na ikikataa kutoka, ni yule yule mtu utakayekaa naye kupanga upya. Kwa vyovyote vile mlinde yeye kwanza.

Kwa leo niishie hapo. Wewe na huyo wako, mkimaliza kusoma ukurasa huu ulizaneni lile swali letu: nani atangulie, nani abaki, na mpaka lini? Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.